Mazrui wa Takaungu: ukoo, mtama na hati

Mazrui hawakufika Mombasa kutafuta mashamba. Walifika kushika ngome. Ngome ya Yesu iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, na waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliosimama nao, walimalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi. Wareno walirudi 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Tangu hapo Mombasa ilikuwa ikipelekewa maliwali kutoka Omani, na nafasi hiyo ikawaendea watu wa kabila la Mazari, ndio Mazrui, wenye asili ya Rustaq.

Katika miaka ya 1740 kule Omani nasaba ya Yaarubi iliporomoka, na Ahmad bin Said, wa Busaidi, akatwaa madaraka. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa rahisi: huyu naye alikuwa liwali kama mimi, amejinyakulia nchi, nami nitaishika yangu. Wauaji wakatumwa kutoka Omani, wakamuua ngomeni. Nduguye Ali bin Uthman alitoroka, akakusanya watu wa mji, akairudisha ngome. Kuanzia siku hiyo Mazrui hawakuwa tena watumishi wa mtu, na uadui wao na Busaidi ulidumu vizazi vitano.

Mtu anayetafuta chanzo cha ukoo huu kama mabwana wa ardhi asitazame Mombasa kwenyewe. Kisiwa cha Mombasa kilikuwa kidogo, na mji haukujilisha. Mchele ulitoka Pemba. Aliyeishika Pemba ndiye aliyelisha askari, waungwana, maulamaa na mabaharia wa Mombasa, na kwa miongo mingi Mazrui ndio walioishika. Kwa upande wa bara walitegemea Mijikenda, ambao walileta nafaka, pembe na sandarusi, na ambao kila kundi lao lilikuwa na urafiki wa kale na mojawapo ya Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya mji yaliyogawanyika katika Miji Tatu na Tisa Taifa. Liwali wa Kimazrui alitawala kwa kukubaliana na masheikh wa pande hizo mbili, na wakigombana yeye ndiye mwamuzi. Kwa hiyo utajiri wa Mazrui wakati huo haukupimwa kwa ekari. Ulipimwa kwa watu watakaoitika ukiwaita.

Kuanguka kwao nitakueleza kwa haraka, kwa sababu kumeandikwa mara nyingi. Mnamo mwaka 1812 au 1813, Mombasa na washirika wake wa Pate walishindwa vibaya na Lamu katika vita vya Shela, na Lamu wakakimbilia ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Kibusaidi wa Masqat. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Pemba ikawaponyoka. Walipoona hatari, Mazrui walimwomba Mwingereza awalinde, na Februari 1824 Kapteni William Owen alikubali kwa mamlaka yake mwenyewe, bila kuagizwa na serikali yake. Luteni Reitz, aliyeachwa kuisimamia Mombasa, alikufa kwa homa baada ya miezi michache. London haikuutaka mzigo huo, na 1826 bendera ikashushwa. Sayyid Said alishambulia 1828, akarudi 1829, akarudi tena 1833, huku mshairi Muyaka bin Haji akiwatia wenzake moyo kwa tungo ambazo pwani bado inazikumbuka. Ngome haikushindwa kwa mizinga. Ilishindwa kwa fitina ya urithi: baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki 1835 ukoo uligawanyika, na baadhi ya wazee wa Miji Tatu wakamkaribisha Sayyid. Mwaka 1837 liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, na vigogo wenzake walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas. Hawakurudi.

Waliobaki waligawanyika pande mbili. Wengine walikwenda kusini, Gazi. Wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, karibu na hori la Kilifi. Hapo ndipo ukoo wa watawala ulipogeuka ukoo wa wakulima wakubwa, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ardhi ya nyuma ya Takaungu ilikuwa nzuri, na ilikuwa nyingi. Kwa desturi ya pwani na kwa sheria ya Kiislamu, aliyefyeka pori akaihuisha ardhi iliyokufa ndiye aliyekuwa na haki nayo. Miti aliyoipanda mtu ilikuwa mali yake, iuzwe, irithiwe, hata kama ardhi iliyo chini haikuwa na bei. Hakuna aliyehitaji kununua shamba ilhali angeweza kusogea mbele na kufyeka jingine. Kilichokosekana ni mikono. Ndiyo maana mashamba ya Takaungu, kama yale ya Malindi yaliyofufuliwa baadaye katika karne hiyo, yalikua kwa kadiri ya watumwa waliopatikana, hayakukua kwa kadiri ya ardhi. Mtama, mahindi na ufuta viliondoka kwa majahazi kwenda Arabuni, kulisha nchi kavu ambazo mababu wa Mazrui walitoka. Watumwa walitoka mbali kusini kupitia bandari kama Kilwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua. Walipimiwa ngwe ya kulima kila siku, wakimaliza wamemaliza. Kwa desturi walikuwa na siku za kujilimia vishamba vyao wenyewe, na desturi hiyo ilikuwa ndiyo kinga kuu waliyokuwa nayo.

Waandishi wengine wa pwani hupenda kuuita utumwa huu mpole ukilinganishwa na ule wa Marekani. Mimi sioni faida ya mashindano hayo. Watumwa wenyewe walitoa maoni yao kwa miguu. Walitoroka, wakaenda kukaa nyuma ya mashamba, katika vijiji vya watoro vilivyojilinda kwa bunduki na maboma. Kimojawapo ni Fuladoyo, ambako watoro waliishi pamoja na Wagiriama Wakristo. Mwaka 1883 watu wa Takaungu walikishambulia, na David Koi, Mgiriama aliyekuwa mmoja wa viongozi wake, akauawa. Mwaka uliofuata njaa kubwa iliikumba nyika, na Mijikenda wengi waliweka watoto wao rehani pwani kwa kubadilishana na chakula. Baadhi ya watoto hao hawakukombolewa kamwe. Watoro wengine walikimbilia misheni ya Rabai, na wenye watumwa wakaifuata misheni na madai yao. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie, wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alimaliza ugomvi huo kwa kulipa fidia ya watoro zaidi ya 1,400. Mashujaa wa hadithi hiyo kwa kawaida huwa wamisionari. Lakini tazama nani aliyepokea fedha: mabwana. Aliyelima miaka kumi bila malipo aliondoka na cheti cha uhuru, na aliyelimiwa aliondoka na fedha taslimu.

Sheikh wa Takaungu kwa muda mrefu alikuwa Salim bin Khamis, mtu mwerevu aliyejifunza kuishi na Sultani wa Zanzibar na baadaye na Waingereza. Kule Gazi mambo yalikuwa mengine. Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule liwali wa mwisho aliyefia uhamishoni, hakusamehe. Alipigana na majeshi ya Zanzibar kwa zaidi ya muongo mmoja, na 1882 kamanda wa majeshi hayo, Lloyd Mathews, alimzingira katika boma lake la Mwele, ndani ya milima ya Shimba, bila kumkamata. Mtu angeweza kumwita jambazi au mwana wa mfalme, kutegemea anakaa upande gani.

Salim bin Khamis alifariki Februari 1895. Kwa ada ya ukoo, aliyestahili kurithi ni mkubwa wa umri miongoni mwa jamaa. Mkubwa huyo aliitwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na yule wa Gazi, na majina haya yamewachanganya wanahistoria wengi. Kampuni ilimtaka kijana, Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, kwa sababu alionekana rafiki yao. Wenye kunyimwa walikimbilia Gazi, na Mbaruk wa Gazi, ambaye mwanzoni alisita, akawapokea. Kuanzia katikati ya 1895 pwani nzima kutoka Malindi hadi mpaka wa Wajerumani ilikuwa vitani. Takaungu yenyewe ilishambuliwa na ndugu wa wenye mji. Boma la Mwele lilianguka Agosti 1895, lakini vita havikwisha hadi askari walipoletwa kutoka India mwanzoni mwa 1896. Aprili mwaka huo Mbaruk alivuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, akamaliza maisha yake Dar es Salaam.

Ukoo uliokuwa umegawanyika kwa jiografia sasa uligawanyika kwa hukumu: Gazi waasi, Takaungu waaminifu. Waaminifu ndio waliosalia mezani wakati makaratasi yalipoanza kugawanywa.

Oktoba 1907 serikali ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya. Fidia ililipwa tena, kwa mabwana tena. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai shamba katika ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar alitakiwa kujitokeza mbele ya mrekodi, aoneshe mipaka, mashahidi, karatasi za kadhi, na asiyedai ardhi yake ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Weka miaka hiyo miwili pamoja, 1907 na 1908, uone kilichotokea. Mazrui walipata umiliki usiopingika wa ardhi yao baada tu ya kupoteza watu walioifanya ardhi hiyo kuwa na thamani. Shamba la mtama lisilo na walimaji lilirudi kuwa kichaka, ila sasa kilikuwa kichaka chenye namba ya hati.

Sheria ya 1908 iliuliza nani ni mwenye shamba. Haikuuliza nani analilima. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, hawakuwa na mtu mmoja wa kwenda kudai, na kwa macho ya mrekodi hawakuwa na chochote. Watumwa wa jana walibaki pale pale walipokuwa wakilima, wengi wakiwa maskwota juu ya udongo walioufyeka wao wenyewe. Mwaka 1914 sheria maalumu iliweka ardhi ya Takaungu chini ya amana, iwe mali ya ukoo wa Mazrui na vizazi vyao: takriban ekari 9,100. Mwaka huo huo wa 1914, si mbali na hapo, Wagiriama walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Kiongozi wao Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kukamatwa na kupelekwa Kisii, na Agosti askari waliilipua Kaya Fungo, kitovu chao kitakatifu, kwa baruti. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Ukoo mmoja ulipewa amana na taifa zima likapewa faini, katika mwaka mmoja, na serikali moja.

Msomaji wa Gety, kule Ituri nchini Kongo, ataona mambo haya hayako mbali naye kama ramani inavyoonyesha. Kongo nayo ilianza na karatasi: agizo la tarehe 1 Julai 1885 lilisema ardhi zote zisizo na mwenyewe ni za dola, na mwenye kuamua kama zina mwenyewe ni dola hiyo hiyo. Ndipo konsesio za kahawa na malisho zilipopata mlango wa kuingia Ituri. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilirudisha ardhi kwa serikali ya Kongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikathibitisha kwamba udongo ni mali ya dola peke yake, na kuhusu ardhi ya mila ikaahidi kwamba amri ya rais ingeeleza haki zake. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo katika sheferi ya Walendu Bindi, yenye makao yake Gety, mtu anaweza kulima mahali ambapo babu yake alifyeka, akiwa na ruhusa ya wazee na ya chifu, ilhali kwenye daftari la Bunia mahali hapo pana jina jingine au hapana jina kabisa. Katika vita vya Ituri madai ya konsesio na mipaka ya malisho hayakuwa sababu pekee, lakini yalikuwa kuni zilizokauka siku nyingi.

Na wala jambo hili si la Afrika peke yake. Waingereza hao hao walikuwa wamefanya hivyo kwanza Bengali. Mwaka 1793 Lord Cornwallis alipitisha makubaliano ya kudumu yaliyowageuza mazamindari, ambao kabla ya hapo walikuwa zaidi wakusanyaji wa kodi, kuwa wenye ardhi mbele ya sheria, mradi walipe serikali kiasi kisichobadilika kila mwaka. Aliyechelewa kulipa shamba lake lilipigwa mnada. Koo za zamani zilianguka, na koo mpya za wafanyabiashara wa Calcutta zikanunua, kati yao ile ya Tagore, ambayo mshairi wake Rabindranath alitumwa na baba yake miaka ya 1890 kusimamia mashamba ya Shelaidah na Patisar, akawajua wakulima kwa karibu kiasi cha kuwaanzishia benki. Hata hivyo kuna tofauti moja inayowatenga Mazrui na mazamindari hao. Bengali ilikuwa na wakulima wengi na ardhi iliyobanwa, basi hati ya zamindari ilimpa haki ya kuvuna kodi kutoka kwa mamilioni. Pwani ya Kenya ilikuwa na ardhi nyingi na watu wachache, basi hati ya Takaungu ilimpa Mazrui udongo bila kodi yenye maana. Zamindari alitajirika kwa karatasi. Mazrui, ukiangalia hesabu yake halisi, alifilisika akiwa na karatasi mkononi.

Ndiyo maana utukufu wa ukoo huu katika karne ya 20 haukutoka shambani. Ulitoka kwenye elimu, na hilo lilikuwa limeanza mapema. Mazrui wengi waliacha madhehebu ya Ibadhi ya mababu wa Omani, wakawa Masunni wa Shafii kama majirani zao Waswahili, na Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui aliwekwa gerezani na Sultani Barghash wa Zanzibar, akaachiliwa Barghash alipokufa 1888. Mwanawe Al-Amin, aliyezaliwa 1891, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwasema Waislamu wa pwani kwa uvivu wa elimu na kwa kuabudu nasaba, maneno mazito kutoka kwa mtu wa nasaba kama yake. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya alipofariki 1947, na ndiye aliyeandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa babu zake Mombasa. Nadhani ni yeye aliyewafanyia Mazrui lile ambalo hati haikuweza kulifanya: aliwafanya wakumbukwe. Mwanawe Ali, aliyezaliwa 1933, alikwenda mbali zaidi, akawa profesa Makerere na baadaye Marekani, akaandaa mfululizo wa televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika mwaka 1986. Alipofariki 2014 mwili wake ulirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo karibu na Ngome ya Yesu.

Takaungu kulikuwa na kesi nyingine. Baada ya uhuru wa Kenya idadi ya watu walioishi ndani ya zile ekari 9,100 ilizidi kukua: Wagiriama, Wachonyi na wengineo wa Mijikenda, pamoja na wazao wa waliolima zamani. Serikali ilikuwa na tatizo la maskwota pwani nzima, na ardhi ya ukoo mmoja ilikuwa rahisi kuigusa kuliko ya kampuni au ya waziri. Mwaka 1989 Bunge lilifuta sheria ya amana ya Mazrui. Ukoo uliona umeporwa kwa kura. Walioishi humo waliona haki imefika, ingawa imechelewa miaka themanini na moja. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba kufuta amana kwa namna ile kulikiuka katiba, kwa sababu mali ya mtu haichukuliwi bila fidia.

Kisheria sioni kosa katika hukumu hiyo. Bunge linaloweza kufuta hati ya Mazrui kwa siku moja linaweza kufuta ya yeyote. Lakini kanuni ya fidia, iliyowalinda Mazrui 2012, ni ile ile iliyolipwa 1889 na 1907, na mara zote hizo imemjua mwenye mali kwa karatasi yake. Aliyefyeka, aliyepalilia na aliyevuna mtama uliopelekwa Arabuni hajawahi kuandikwa mahali popote kama mdai. Wazao wake wako pale pale, kati ya Takaungu na Kilifi, na kila kampeni ya uchaguzi huwaahidi hati.